Trekta Lililosimama Katikati ya Shamba la Kunguru

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa mbili na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, anga lilikuwa la kijivu, na upepo mdogo ulitoka upande wa baharini, wenye baridi ya kutosha kumfanya mtu afunge kifungo cha juu cha koti. Ardhi ilikuwa na unyevu. Kwa shughuli yetu hiyo ni hali njema, kwa sababu udongo wenye unyevu hupitisha mlio vizuri kuliko udongo mkavu.

Shughuli yetu ni kutembea katika mashamba yaliyovunwa, tukiwa na mashine za kutambua metali, na kusikiliza. Tupo wawili: mimi na shemeji yangu, Clive Thurlow. Mashine ninayotumia ilikuwa ya mume wangu, Graham, kaka yake Clive. Graham alipofariki nilirithi mashine yake, buti zake, ambazo hazinitoshi, na mdogo wake, ambaye nimemzoea.

"Leo tunapata kitu, shemeji," Clive alisema akivaa vipokea sauti vyake masikioni. Husema hivyo kila Jumamosi.

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo. Ukapata kijiko."

"Kijiko cha fedha."

"Cha bati, Clive. Kina jina la hoteli mgongoni."

"Hoteli ya zamani lakini."

Shamba tulilokuwamo ni mali ya Mzee Desmond Kerridge wa kijiji cha Ottisham. Linaitwa Shamba la Kunguru, nalo liko kando ya barabara kuu ya kijiji. Mzee Kerridge alitupa ruhusa miaka mingi iliyopita kwa kupeana mkono langoni, na masharti yake hayajabadilika: kila shimo lifukiwe, kila lango lifungwe, na jioni kila tulichopata kipangwe juu ya boneti ya gari lake ili akione. Kwa kawaida huwa ni vifungo vya makoti, maganda ya risasi za kuwindia kwale na vipande vya viatu vya farasi. Hutazama vyote kwa makini kama vile ni vito, kisha husema, "Haya, chukueni takataka zenu." Wakati wa Krismasi tunampelekea keki ya matunda.

Siku hiyo tulikuwa na asubuhi tu. Saa sita mchana Mzee Kerridge angeleta trekta na kuanza kulima, na kulima kwake mwaka huo hakukuwa kulima kwa kawaida.

Ottisham ina shindano lake. Kila mkulima mwenye shamba kando ya barabara hulilima kwa plau kabla ya mchana wa Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Baada ya chakula, waamuzi watatu hupita lango kwa lango, huchuchumaa, hufumba jicho moja na kutazama mifuo, yaani mistari inayoachwa na plau. Mwenye mifuo iliyonyooka zaidi hupewa kiatu cha farasi cha shaba kilichogongomewa kwenye ubao. Hukitundika juu ya meko yake mwaka mzima. Shamba lisilokamilika halihukumiwi. Watu wa nje huona ni mchezo wa wazee. Watu wa Ottisham wamewahi kununiana miezi sita kwa sababu ya mfuo uliopinda upana wa kiganja.

Kwa miaka miwili mfululizo Kiatu kilikuwa kwa jirani wa Mzee Kerridge, Nigel Borrett. Mzee Kerridge alikitaka kirudi, na hakukuwa na mwaka mwingine. Anakaribia miaka themanini. Kuanzia mwaka ujao shamba litashikwa na mpwa wake, naye mpwa wake anatumia mashine ya kisasa inayopanda mbegu bila kugeuza udongo. Plau itauzwa. Tulipopita nyumbani kwake asubuhi hiyo kumwamkia, niliona amepangusa ukuta juu ya meko. Msumari ulikuwa tayari.

Nilipata sarafu ya kwanza mahali shamba linapoteremka kidogo kuelekea kijito. Mlio ulikuwa wa juu, mfupi na safi. Nilikata udongo kwa koleo, nikaugeuza, na nikaona kitu chembamba chenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Sikukifuta, kwa sababu kufuta huacha mikwaruzo. Nilikidondoshea maji kidogo ya chupa. Kilitokea kichwa cha mwanamume mwenye jicho kubwa na taji la lulu, akitazama kulia.

Nilimpungia Clive. Alikuja mbio, na Clive si mtu wa mbio.

"Mrumi," alisema. Aliishika kingoni kwa vidole viwili. "Fedha tupu. Shemeji, huyu ni Mrumi."

"Naona."

"Mbona huna furaha?"

"Ninayo. Niko kazini."

Ya pili niliipata hatua chache upande wa chini. Ya tatu aliipata Clive, na ya nne, zote zikielekea sehemu moja, kama makombo yanayoelekea kwenye mkate. Kisha mashine ya Clive ilipiga mlio ambao sijawahi kuusikia katika shamba lolote: mpana, mzito, usiokatika alipozungusha. Alivua vipokea sauti akaniwekea mimi masikioni nihakikishe.

Tulichimba polepole, yeye kwa koleo dogo, mimi kwa mikono. Chini kidogo ya kina cha plau tulikuta ukingo wa chungu cha kijivu. Ndani ya chungu, sarafu zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, zimeshikamana kwa udongo, kama biskuti ndani ya pakiti.

Clive alikaa chini kwenye mabua. Mkono wake ulikwenda kwenye shimo, ukasita.

"Moja tu," alisema. "Ya juu kabisa. Imelegea."

"Clive."

"Sisemi niichukue. Nisalimiane nayo tu."

"Unajua kanuni."

Alijua. Kila mtu katika shughuli yetu anaijua: ukikuta moja, toa, ukikuta chungu, acha. Ukiondoa sarafu kwa pupa, unaharibu habari yote ya jinsi zilivyowekwa, na habari hiyo hairudi. Clive aliurudisha mkono wake na kuukalia, kwa maana halisi ya neno hilo.

Nilimpigia simu Tamsin Aldous, ofisa wa mambo ya kale wa mkoa. Tunamfahamu vizuri, yeye ndiye anayeandikisha vifungo vyetu. Alikuwa kaskazini kwenye harusi ya dada yake, na nyuma ya sauti yake palikuwa na muziki.

"Msiguse kitu," alisema. "Clive yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie na yeye asiguse. Nitafika Jumatatu saa tatu asubuhi. Fukieni, mfanye pasionekane, msiweke alama yoyote. Nani anajua?"

"Sisi. Na sasa wewe."

"Mwambieni mwenye shamba. Baada yake, asijue mtu."

Sababu ya kuwa wasiri ilikuwa watu wa tochi. Ndivyo tunavyowaita wezi wanaoingia mashambani usiku wakiwa na mashine kama zetu na tabia tofauti na zetu. Miaka michache nyuma, mtu alisimulia baani kuhusu bizimu ya kale ya mshipi iliyopatikana katika shamba la Borrett. Kabla ya wiki kuisha, shamba lile lilikuwa na mashimo kama jibini.

Tulifukia chungu, tukarudisha mabua, tukakaa juu yake na kunywa chai kutoka kwenye chupa. Saa sita kasoro tulisikia trekta likija.

Mzee Kerridge aliteremka, akatazama mahali tulipokaa, akasema, "Mmechoka mapema leo."

"Mzee, kaa kidogo," Clive alisema.

"Sina muda wa kukaa. Nina shamba la kulima."

"Ndiyo maana tunakuomba ukae."

Nilimweleza kwa mpangilio: tulichokuta, kina chake, alichosema Tamsin. Nilimwonyesha sarafu nne ndani ya kisanduku chenye pamba. Alizitazama kwa makini ileile anayotazamia vifungo. Kisha akatazama shamba, kutoka langoni hadi kijitoni, na nikajua anachokiona. Doa letu lilikuwa karibu katikati.

"Plau itakipiga?" aliuliza.

"Ukingo uko chini ya kiganja kimoja kutoka mahali plau inapopita," nilisema. "Mwaka huu udongo ni laini. Sijui."

"Hujui, au unanionea huruma?"

"Itakipiga, mzee."

Clive, ambaye hawezi kustahimili ukimya, alipendekeza aache kisiwa kidogo bila kukilima.

"Kisiwa," Mzee Kerridge alisema. "Katikati ya Shamba la Kunguru. Kando ya barabara. Kila gari litakalopita litauliza, Desmond ameacha nini pale? Afadhali niweke kibao: karibuni na mashine zenu."

"Basi usilime kabisa hadi Jumatatu."

"Nisilime. Mimi. Wiki ya Kiatu. Watajua kuna jambo kabla sijamaliza kifungua kinywa."

"Ukilima upande mmoja tu..."

"Clive, kijana wangu, kunywa chai yako."

Clive ana miaka sitini na moja. Alikunywa chai yake.

Mzee alipanda trekta lake bila kusema ameamua nini. Alianza upande wa barabara, naye alilima jinsi ninavyopenda kukumbuka: kichwa hakigeuki, mkono mmoja juu ya usukani, udongo ukifunguka nyuma yake kwa mistari ambayo ungeweza kuipimia kwa rula. Kunguru walishuka kumfuata. Sisi tulihamia kando ya ua wa michongoma na kutazama. Kila alipogeuka alikuwa amelikaribia doa zaidi. Saa kumi alilifikia.

Alilima hadi pembeni kabisa mwa doa, akainua plau, akasogeza trekta taratibu hadi chungu kikawa chini ya tumbo lake, kati ya magurudumu. Alizima injini. Aliteremka, akafungua boneti, akafanya kazi kidogo kwa spana, akachomoa bomba fupi la mafuta ya dizeli na kulitia mfukoni. Boneti aliiacha wazi. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akalipiga gurudumu teke zito la mtu aliyekasirika, kwa manufaa ya basi lililokuwa linapita barabarani.

"Limeharibika," alitangaza alipotufikia. "Halitoki hapo hadi Jumatatu. Nani ataiba chini ya trekta?"

Clive alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu, kwa sababu nilikuwa nimeelewa gharama kabla yake. Theluthi moja ya shamba ilikuwa bado mabua.

"Mzee," nilisema, "na Kiatu?"

"Bi Hilary, kile chungu kimenisubiri muda mrefu kuliko Kiatu." Alikung'uta mikono. "Na asiambiwe mtu. Mtu akihitaji kuambiwa, nitamwambia mimi. Tumeelewana?"

Tulipeana mkono juu ya hilo, wote watatu.

Jumapili kulikuwa na jua. Waamuzi walipita lango kwa lango, na walipofika Shamba la Kunguru walisimama muda mrefu wakitikisa vichwa, kwa sababu theluthi mbili zilizolimwa zilikuwa kazi safi kuliko zote walizoziona siku hiyo. Hata hivyo kanuni ni kanuni. Saa kumi jioni, baani, Kiatu kilikabidhiwa kwa Nigel Borrett kwa mara ya tatu mfululizo.

Mzee Kerridge alikuwapo. Angekosa, watu wangeshangaa. Alikaa mahali pake karibu na dirisha, akiwa na mkate, jibini na vitunguu vya siki, na akapokea kejeli kama mtu anayepokea mvua bila mwavuli.

"Desmond, nasikia trekta lako limeomba likizo."

"Limestaafu kabla yako, mzee," mwingine alidakia. "Lina akili zaidi."

"Tupande maua kulizunguka? Liwe mnara wa kumbukumbu."

"Pandeni," Mzee Kerridge alisema. "Njano, tafadhali. Mke wangu alipenda njano."

Clive alikuwa amevimba. Uso wake ulikuwa mwekundu, na kila kejeli ilipotolewa alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuhutubia. Nilimnunulia kachori za nyama ili mdomo wake uwe na kazi.

Mtu mmoja hakucheka sana. Borrett, mwanamume mpana wa miaka hamsini, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya mashamba mawili, alikuwa na Kiatu mbele yake mezani, na alikuwa anakigeuzageuza.

"Ni nini hasa?" alimuuliza Mzee Kerridge.

"Bomba la mafuta."

"Bomba tu?"

"Limepasuka. Nimeagiza lingine. Linakuja kesho."

"Ungeniambia jana ningekuletea. Ninalo ghalani, baba alikuwa na trekta la aina hiyohiyo."

"Ungeniletea, nimalize kulima, nikunyang'anye Kiatu?"

"Ningekuletea," Borrett alisema, "halafu ningekushinda vizuri. Sasa nimekushinda vibaya."

Watu walicheka. Mzee Kerridge alikata kipande cha jibini na kukitazama kwa muda kabla ya kukila. Mimi pia nilicheka, na sikulitilia maanani jambo hilo. Hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu nimekaa Ottisham muda wa kutosha kujua jinsi watu wa hapa wanavyotenda wema: kimyakimya, mapema, na bila kumuuliza anayetendewa.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nilifika shambani saa moja, ili niwe mtu wa kwanza. Nilikuwa wa pili. Kabla sijaona chochote nilisikia injini kubwa ikinguruma mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na injini. Nilikimbia. Trekta la Borrett, jekundu, refu kama nyumba, lilikuwa mbele ya lile la Mzee Kerridge, na mnyororo ulikuwa umekwisha kufungwa kati yao. Nyuma ya trekta jekundu palikuwa na plau yenye majembe matano. Borrett alikuwa anapanda ngazi ya kiti chake.

Nilisimama mbele ya trekta lake.

"Habari za asubuhi, Bi Hilary," alisema kutoka juu. "Umesimama mbele ya trekta langu."

"Najua."

"Nilikuwa nataka kwenda mbele."

"Ungoje kidogo."

"Ningoje nini? Ninalivuta hili hadi langoni, namalizia hiki kipande, dakika arobaini, naenda zangu. Mzee akiamka anakuta shamba limeisha. Ukinyamaza wewe, hatajua ni nani."

"Ni wema mkubwa, Nigel."

"Basi sogea."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimepeana mkono. Ningeweza kusema chungu, na shamba lingesalimika papo hapo, lakini ruhusa ya kusema haikuwa yangu. Nilitazama huku na huku nikitafuta uongo, na mimi si hodari wa uongo.

"Breki," nilisema. "Ya mkono. Imefungwa. Utang'oa gurudumu."

"Nimeifungua."

"Kuna kiota cha ndege."

"Oktoba?"

"Ndege aliyechelewa."

Borrett alizima injini. Nadhani alizima kwa ajili ya hali yangu ya afya. Katika ukimya ule tulisikia mtu anakuja kwenye ukungu, akikata mifuo kwa shida, na Mzee Kerridge akatokea akiwa amevaa koti la mvua juu ya pajama, buti za mpira, na hana kofia. Clive alikuwa nyuma yake, akihema.

"Nigel," Mzee Kerridge alisema. "Umelisogeza?"

"Bado. Mwanamke huyu amenizuia kwa sababu ya ndege."

"Limesogea kiasi gani?"

"Halijasogea hata kidogo, mzee. Una nini? Nilitaka kukumalizia shamba tu. Na nimekuletea bomba." Alitoa bomba la mafuta mfukoni na kumpa kutoka juu, jipya, likiwa bado na karatasi yake.

Mzee Kerridge alilipokea. Alilitazama, kisha akaingiza mkono katika mfuko wa koti lake na kutoa bomba lake mwenyewe, lililo zima kabisa, akayashika yote mawili kwa pamoja. Borrett aliona. Si mtu mjinga. Alishuka ngazi taratibu.

"Halijaharibika," alisema.

"Halijaharibika."

"Ulilisimamisha makusudi. Jumamosi. Na mifuo ile." Aliinua mkono kuelekea barabarani. "Kwa nini mtu afanye hivyo?"

Mzee Kerridge alimtazama Borrett. Huyu alikuwa mtu aliyemshinda mara tatu, mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote kijijini, na mtu ambaye shamba lake liliwahi kuchimbwa na watu wa tochi kwa sababu ya mdomo wa mwingine. Nilimwona akipima hayo yote. Kisha akamshika kiwiko, akamwinamisha, na kumwonyesha udongo chini ya tumbo la trekta.

"Pale," alisema, "kuna chungu cha fedha ya Warumi. Tamsin wa mkoani anakuja saa tatu. Sasa wanaojua ni watu watano."

Borrett alibaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa hiyo ulinipa Kiatu," alisema mwishowe.

"Sikukupa. Shamba lako ulililima vizuri."

"Nimepinda pale karibu na mwaloni."

"Nimepaona."

"Upana wa kidole."

"Viwili."

Borrett alijinyoosha. "Sikirudishi, lakini. Kanuni ni kanuni."

"Nani amekuomba?"

"Nasema tu, usije ukategemea."

"Fungua mnyororo wako, Nigel," Mzee Kerridge alisema, na wote wawili walikuwa wanatabasamu kuelekea pande tofauti.

Walirudisha bomba mahali pake, lile la zamani, kwa sababu Mzee Kerridge alisema limemzoea. Trekta lilisogezwa mbele kwa uangalifu, likaacha doa wazi. Tamsin alipofika saa tatu na nusu, akiwa na macho mekundu ya harusi, alikuta watu wanne wamekizunguka kipande cha mabua kama wageni waliowahi shughuli.

Ilichukua asubuhi nzima. Hakutoa sarafu moja moja. Alichimba pembeni mwa chungu, akakifunga bendeji pamoja na udongo wake, kama mguu uliovunjika, na kukiinua kikiwa kizima. Kabla ya kukifunga aliturudisha nyuma, akapiga picha, kisha akatuita tutazame. Ukungu ulikuwa umeondoka. Sarafu za juu zilikuwa zimesafishwa kidogo kwa brashi, na kila moja ilikuwa na mtu mdogo mwenye jicho kubwa. Clive aliondoa kofia. Nilimfikiria Graham, aliyetembea katika shamba hili miaka minne na kupata vifungo, na ambaye angefurahi kama sisi bila kuhitaji kuwa yeye aliyekipata.

"Ni ngapi?" Clive aliuliza.

"Mia kadhaa," Tamsin alisema. "Usiniulize tena hadi maabara."

Mzee Kerridge hakuuliza idadi. Alipiga magoti kwa shida, akaelekeza kidole kwenye ukingo wa chungu bila kuugusa. Palikuwa na pengo dogo, na mkwaruzo mrefu ulionyooka.

"Hii ni plau," alisema.

"Ndiyo," Tamsin alisema. "Ya zamani kidogo. Ndiyo iliyotawanya zile sarafu nne."

"Ni baba. Alikuwa anazamisha plau kupita kiasi. Tulikuwa tunagombana juu ya hilo kila vuli." Aliendelea kuutazama mkwaruzo. "Umenyooka, lakini," alisema, na Borrett akakubali kwamba umenyooka.

Baada ya hapo kila mtu alishika njia yake.

Tamsin Aldous alikifunga chungu kwa mkanda katika kiti cha mbele cha gari lake, na kukipeleka mkoani kwa mwendo wa pole.

Clive alikwenda nyumbani, akalala hadi jioni, kisha akaniuliza kwa simu kama Jumamosi tutakuwa upande wa kijito.

Nigel Borrett alikwenda baani wakati wa chakula cha mchana, akamkejeli Mzee Kerridge na trekta lake kwa sauti kubwa kuliko alivyofanya Jumapili, na hakusema neno lingine lolote juu ya Shamba la Kunguru.

Mzee Kerridge alibadilisha pajama, akafukia shimo, akapanda trekta na kulima theluthi iliyobaki. Mifuo ilinyooka hadi kijitoni. Jioni alitundika bomba jipya la mafuta juu ya meko, kwenye ule msumari.

Mimi nilifunga lango, nikasafisha mashine ya Graham, na nikaanza kuloweka matunda ya keki ya Krismasi.